Picha za zamani za familia: Nguo za watoto zinatuambia nini?

KATIKA nyumba nyingi za Waislamu, pwani na bara, ipo albamu iliyohifadhiwa kabatini pamoja na vyeti vya ndoa na hati za shamba. Hutolewa mara chache: siku ya Idd jamaa wanapokutana, au baada ya msiba, pale mtu anapotaka kuwaonyesha wajukuu sura ya marehemu babu yao alipokuwa mdogo. Kurasa hufunuliwa, vidole hunyooshwa, kisha huulizwa swali lile lile: "Na huyu mtoto mwenye gauni jeupe ni nani?" Mara nyingi hapatikani wa kujibu. Aliyekuwa akijua amekwisha tutangulia mbele ya haki.

Suala la hukumu ya picha lina mlango wake na lina wanavyuoni wake, nasi hatulifungui leo. Tunazungumzia picha ambazo tayari zimo majumbani mwetu na katika makumbusho ya dunia, na ambazo zimebeba habari nyingi kuliko tunavyodhani. Habari hizo, kwa sehemu kubwa, zimo katika nguo za watoto.

Tumechagua kuanzia Uingereza ya karne ya 19, enzi ya Malkia Victoria aliyetawala kuanzia mwaka 1837 hadi 1901. Huko ndiko desturi ya familia za tabaka la kati kuwavisha watoto nguo zao bora na kuwapeleka studio ilikomaa sana, kisha ikasafiri kwa meli hadi katika bandari nyingi za dunia, za kwetu zikiwamo. Anayejua kuzisoma picha za watu wale atapata jicho la kuzisomea picha za wazee wake mwenyewe.

Picha iliposhuka bei

Mwaka 1839 ulimwengu ulitangaziwa mjini Paris ufundi wa Louis Daguerre wa kunasa sura juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Miaka miwili baadaye, mwaka 1841, Richard Beard alifungua mjini London studio ya kwanza ya umma nchini Uingereza. Lakini picha ya Daguerre ilikuwa moja tu, haina nakala, na bei yake ilikuwa kubwa. Aliyetaka picha mbili alilazimika kukaa mara mbili na kulipa mara mbili.

Mambo yalibadilika katika muongo uliofuata. Mwaka 1851 Mwingereza Frederick Scott Archer alitangaza njia ya kutumia kioo kilichopakwa dawa, ambacho kiliweza kutoa nakala nyingi za karatasi. Mwaka 1854 Mfaransa André Disdéri akaandikisha hataza ya njia ya kupiga picha ndogo kadhaa, hadi nane, juu ya kioo kimoja. Picha hizo zilikatwa na kubandikwa juu ya kadi ngumu yenye upana wa sentimita 6 hivi na urefu wa sentimita 10, sawa na kadi ambazo watu walikuwa wakiachiana wanapotembeleana. Bei ikashuka. Karani wa benki, mwalimu, mwenye duka na daktari wa mtaa nao wakaweza kwenda studio na watoto wao, kisha wakawatumia shangazi na wajomba walio mbali nakala kwa njia ya posta.

Mwaka 1860 mpiga picha John Mayall alichapisha kadi za Malkia, mumewe Prince Albert na watoto wao. Watu walizinunua kwa wingi na kuziweka katika albamu zao. Kwa mara ya kwanza mama wa kawaida aliweza kufungua albamu yake, akamtazama mtoto wa malkia upande mmoja na mwanawe upande wa pili, na kulinganisha kola na kola, kiatu na kiatu. Kuanzia hapo picha ikawa mwalimu wa mavazi, na ushindani wa majirani ukapata uwanja mpya.

Tabaka la kati walikuwa nani?

Tunaposema tabaka la kati, tusidhani kwamba wote walikuwa matajiri. Wengi wao waliishi kwa mshahara wa mwezi au faida ya duka, wakiogopa daima kuporomoka. Alama iliyowatofautisha na wafanyakazi wa viwandani ilikuwa kuajiri walau mtumishi mmoja wa nyumbani. Seebohm Rowntree, aliyechunguza maisha ya watu wa mji wa York mwaka 1899 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1901, aliitumia alama hiyo hiyo: nyumba yenye mtumishi aliihesabu kuwa imevuka mstari wa tabaka la wafanyakazi.

Kwa watu wa namna hiyo, nguo ya mtoto ilikuwa ushahidi. Gauni jeupe lenye marinda na lesi lilitangaza kwamba ndani ya nyumba ile yupo mtu wa kufua, wa kutia wanga na wa kupiga pasi. Mtoto asiyeweza kucheza mchangani kwa kuogopa kuchafuka alikuwa tangazo la heshima ya baba yake. Kinachotazamwa katika picha ni mtoto, lakini anayezungumza ni mzazi.

Aidha, ujio wa cherehani uliongeza mapambo. Isaac Singer alipata hataza yake nchini Marekani mwaka 1851, na kampuni yake ikaanza kuuza cherehani kwa malipo ya kidogo kidogo miaka michache baadaye. Mtu angetarajia kwamba chombo kile kingempunguzia mama kazi. Badala yake, kwa kuwa kushona kulikuwa kwepesi zaidi, marinda yaliongezeka, mikunjo ikaongezeka na tepe zikaongezeka. Saa zilizookolewa na chombo zikamezwa na fasheni.

Wavulana ndani ya magauni

Jambo linalowashangaza sana watazamaji wa leo ni kuwaona wavulana wamevaa magauni. Mfano mashuhuri ni picha ya mwaka 1884 ya Franklin Delano Roosevelt, ambaye baadaye alikuwa Rais wa Marekani. Alikuwa na umri wa miaka miwili na nusu, amevaa sketi nyeupe, nywele zimemfika mabegani, na mkononi ameshika kofia yenye manyoya ya ndege. Asiyejua atasema huyu ni msichana.

Katika Ulaya na Marekani ya wakati ule hilo lilikuwa jambo la kawaida. Mtoto mchanga alivishwa kanzu ndefu iliyopita miguu yake kwa mbali. Alipoanza kujifunza kutambaa na kusimama akafupishiwa. Baada ya hapo mvulana na msichana walivaa magauni ya namna moja, hadi mvulana alipofika umri wa miaka minne, mitano, na wakati mwingine hata sita au saba. Hapo ndipo alipovishwa suruali yake ya kwanza, na siku hiyo ilifanyiwa sherehe ndogo ya familia. Nyingi kati ya picha tunazoziona za kijana mdogo amesimama wima, mkono kiunoni, zilipigwa kwa ajili ya siku hiyo.

Sababu zake zilikuwa za maisha ya kila siku. Suruali za zamani zilikuwa na vifungo vingi, na mtoto asiyejizuia angezichafua kabla mama hajamaliza kumfungua. Gauni lilirahisisha kumbadilisha nepi. Vile vile gauni lilishonwa likiwa na mikunjo kadhaa karibu na pindo. Mtoto akirefuka mama alifumua mkunjo mmoja, na nguo ikaendelea kuvaliwa mwaka mwingine. Kisha likarithiwa na mdogo wake, awe wa kike au wa kiume. Mwenye jicho kali huweza kuona katika picha mistari ile ya mikunjo, na hata alama ya ule uliokwisha fumuliwa. Nyuma ya fahari ya studio ilijificha hesabu ya mama mwenye kubana matumizi.

Basi wachunguzi hutofautishaje mvulana na msichana? Hutazama nywele: mara nyingi njia ya nywele za msichana ilipita katikati, na ya mvulana ilipita upande. Hutazama pia kilichowekwa mkononi. Mjeledi wa kuchezea, farasi wa mbao au bunduki ya bandia viliashiria mvulana. Mwanasesere aliashiria msichana. Hizi ni dalili tu, na dalili huweza kukosea.

Baharia, Mskoti na suti ya mahameli

Fasheni za wavulana waliokwisha vuka umri wa magauni zina historia zake, na baadhi zinajulikana hadi mwaka. Mwaka 1846 mwana mkubwa wa Malkia, Albert Edward, akiwa na umri wa miaka minne, alivishwa suti ndogo ya baharia akiwa katika jahazi la kifalme. Mchoraji Franz Xaver Winterhalter akamchora ndani ya vazi hilo. Miaka ilipopita suti ya baharia, yenye kola pana ya mraba mgongoni, ikaenea Uingereza, Ujerumani, Urusi na Marekani. Ilipendwa kwa sababu ilikuwa pana, haimbani mtoto, na viwanda viliweza kuishona kwa wingi. Wasichana nao wakashonewa ya kwao yenye sketi.

Hali kadhalika mapenzi ya Malkia kwa nchi ya Uskoti, ambako mumewe alinunua kasri la Balmoral mwaka 1852, yaliwafanya wazazi ambao hawakuwa na hata bibi mmoja wa Kiskoti wawavishe watoto wao sketi za mirabaraba za watu wa milimani.

Lakini hakuna vazi lililowachosha wavulana kama lile lililotokana na hadithi ya Frances Hodgson Burnett, iliyochapishwa kwanza katika jarida la watoto la Marekani mwaka 1885 na kutoka kama kitabu mwaka 1886. Shujaa wake, mtoto aitwaye Fauntleroy, alichorwa na Reginald Birch akiwa na suti ya mahameli, kola pana ya lesi na nywele ndefu zilizojikunja. Akina mama wa nchi mbili wakaipenda picha ile kuliko watoto wao walivyoipenda. Katika studio nyingi za miaka ya 1890 tunawaona wavulana wa miaka saba au minane ndani ya mahameli ile, nyuso zimekunjamana. Hapa tunapata funzo la kwanza: vazi la mtoto mara nyingi ni ndoto ya mama, na mtoto hakuulizwa.

Rangi zinazodanganya

Msomaji asidhani kwamba nguo nyeusi katika picha ilikuwa nyeusi kweli. Dawa za kioo za wakati ule zilihisi vizuri mwanga wa buluu, lakini zilikuwa kama vipofu mbele ya nyekundu. Kwa hiyo gauni la buluu hafifu lilitokea karibu jeupe, na gauni jekundu likatokea jeusi tititi. Wapiga picha waliwashauri wateja wao rangi za kuvaa kabla ya kuja. Hivyo mtoto anayeonekana kama amevaa nguo ya msiba huenda alikuwa na gauni jekundu la sikukuu.

Wala tusiingize katika picha zile fikra kwamba waridi ni ya wasichana na buluu ni ya wavulana. Kanuni hiyo haikuwapo kwa namna tunayoijua. Mwaka 1918 gazeti moja la wafanyabiashara wa nguo za watoto nchini Marekani lilishauri kinyume chake: waridi, kwa kuwa ina nguvu, iwe ya wavulana, na buluu, kwa kuwa ni laini, iwe ya wasichana. Mgawanyo wa leo uliimarika katikati ya karne ya 20. Mambo mengi ambayo wazazi wanagombania madukani wakidhani yametoka enzi na enzi, umri wake haufiki miaka mia moja.

Na kwa nini hawatabasamu? Kwa njia ya kioo cha Archer, mtu alitakiwa atulie kwa sekunde kadhaa, na ndani ya studio yenye mwanga hafifu muda uliongezeka. Nyuma ya mtu mzima uliwekwa wima wa chuma wenye koleo la kushika kisogo. Tabasamu haliwezi kushikiliwa hivyo bila kuharibika. Aidha, kwenda studio lilikuwa jambo la heshima, na mtu alikwenda na uso wa heshima. Vioo vipya vya dawa kavu vilipoenea kuanzia mwaka 1880 hivi, sehemu ndogo ya sekunde ilitosha, na watoto wakaanza kuonekana kama watoto.

Mama chini ya shuka

Kabla ya hapo, mtoto mchanga alikuwa taabu kubwa kwa mpiga picha. Akigeuka mara moja tu, uso wake ulikuwa ukungu. Suluhisho lililotumika lina huzuni yake: mama au yaya aliketi kitini, akafunikwa shuka au pazia zito kuanzia kichwani, kisha mtoto akawekwa juu ya mapaja yake. Mikono ilimshika mtoto chini ya kitambaa. Picha ilipowekwa katika fremu ya yai, pembe zilifichwa na mtoto akaonekana peke yake. Leo fremu zinapoondolewa, anaonekana mtu mzima aliyefunikwa kama kochi.

Tunaitaja habari hii kwa sababu inatuonyesha ni nani aliyehesabiwa kuwa mtu wa kukumbukwa. Gauni la mtoto limeonyeshwa uzi kwa uzi. Aliyelishona, akalifua na kulipiga pasi amefunikwa. Katika India iliyotawaliwa na Waingereza, familia nyingi zilipiga picha watoto wao wakiwa mikononi mwa yaya wa Kihindi. Nyuma ya kadi huandikwa jina la mtoto na umri wake kwa miezi. Jina la yaya haliandikwi. Huandikwa "ayah" tu. Tujiulize: katika picha zetu za arusi na akika, yule binti wa kazi aliyembeba mtoto pembeni, je, tumeliandika jina lake?

Nguo za msiba

Katika Uingereza na Wales ya mwisho wa karne ya 19, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, kiasi cha 150 hawakufikisha mwaka mmoja. Kifo hakikuchagua sana kati ya tajiri na masikini, ingawa masikini ndio waliozika zaidi. Prince Albert alipofariki Desemba 1861, Malkia alivaa nyeusi hadi mwisho wa uhai wake, na familia za tabaka la kati zikamfuata kwa kuzidisha taratibu za nguo za msiba. Watoto nao walivishwa nguo nyeusi, au nguo nyeupe zenye tepe nyeusi mikononi na kiunoni.

Wapo pia wazazi waliomwita mpiga picha baada ya mtoto kufariki, kwa kuwa hawakuwahi kumpiga picha akiwa hai. Alilazwa kitandani kama aliyelala, amevaa gauni lake bora. Hata hivyo ni lazima tutahadharishe. Siku hizi huenea picha za watoto wa zamani waliosimama, zikidaiwa kuwa ni za maiti walioshikiliwa na ule wima wa chuma. Madai hayo hayana msingi. Chombo kile kilikuwa cha kumsaidia aliye hai asitikisike. Hakikuweza kubeba uzito wa mwili. Wengi wa watoto hao walikuwa hai na wazima, tena wakisubiri kwa hamu waambiwe "basi, kimbieni."

Hatari nyingine ilikuwa ndani ya nguo zenyewe. Nguo nyepesi na pana za pamba, karibu na meko ya wazi, ziliwaka haraka. Mwanzoni mwa karne ya 20 kitambaa cha bei nafuu cha pamba chenye manyoya laini, kilichopendwa kwa nguo za kulalia, kiliwaunguza watoto wengi, hata Sheria ya Watoto ya mwaka 1908 ikaweka adhabu kwa mtu mzima anayemwacha mtoto mdogo karibu na moto usiozungushiwa kizuizi, akaungua.

Nguo zilizochanwa

Ikiwa tabaka la kati walivaa ili waonekane juu kidogo ya walivyo, wapo waliovishwa ili waonekane chini ya walivyo. Thomas Barnardo, aliyefungua nyumba ya wavulana masikini mashariki mwa London mwaka 1870, alianzisha idara ya picha mwaka 1874. Aliuza kadi za jozi: mtoto yule yule akiwa na matambara, kisha akiwa msafi na vazi la kazi. Kadi zile zilichangisha fedha kwa ajili ya watoto.

Baada ya muda zikazuka tuhuma kwamba baadhi ya picha zilitengenezwa, na kwamba nguo za watoto zilichanwa ili waonekane wanyonge zaidi. Shauri likapelekwa mbele ya wasuluhishi mwaka 1877. Waliyatupilia mbali mengi katika madai dhidi yake, lakini walilaani zile picha za kubuni, naye akaacha kuuza jozi hizo. Kazi yake ya kuwatunza watoto iliendelea.

Funzo hapa ni zito. Aliyeonewa alikuwa mtoto masikini, ambaye uso wake na matambara yake yaliuzwa bila ya yeye kuwa na kauli. Tunapowapiga picha mayatima tukiwakabidhi nguo za Idd, kisha tukazisambaza picha hizo kwa simu ili wafadhili waone, tunasimama karibu sana na mlango ule ule. Nguo imemsitiri mwili; picha isije ikamvua heshima.

Katika mwambao wetu

Kamera ilifika Unguja ndani ya karne hiyo hiyo ya 19. Wapiga picha wenye asili ya Goa, kama A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho, walikuwa na studio mjini, na picha zao za masultani, wafanyabiashara na familia zao zimo katika makumbusho hadi leo. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe, na vizazi vya Wazanzibari vikapita mbele ya kamera yake.

Katika picha za mwambao tunaona hadithi ile ile ikisemwa kwa kitambaa kingine. Mvulana wa nyumba yenye uwezo anasimama na kanzu, kofia ya kazi au kilemba, na pengine joho lenye darizi lililo zito kuliko yeye. Msichana ana gauni la maua na suruali ya marinda. Katika picha za baadaye, kaka mkubwa ana kanzu na koti la Kizungu juu yake, na mdogo wake ana kaptura, soksi ndefu na viatu vya ngozi. Ndani ya picha moja tunaona zama mbili zimekaa kochi moja.

Tukumbuke pia habari ya Sayyida Salme binti Said, binti wa Sultani wa Unguja, aliyeondoka Unguja mwaka 1866 na kuishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete. Katika kitabu chake cha mwaka 1886 alieleza malezi ya watoto katika nyumba ya baba yake, na namna mtoto mchanga alivyofungwa kwa vitambaa katika siku zake za mwanzo. Yapo mapicha yake aliyopigwa Hamburg akiwa amevaa mavazi ya Unguja na mapambo yake yote. Lakini katika maisha yake ya kila siku mjini humo alivaa kama wanawake wa huko. Mwaka 1870 mumewe alifariki kwa ajali, akabaki mjane na watoto watatu wadogo ugenini. Picha inatuonyesha fahari ya binti wa mfalme. Haituonyeshi usiku wa mama mjane. Vazi la studio halikuwa vazi la maisha.

Nasi tunaokumbuka jinsi watoto walivyopelekwa studio siku ya Idd pili, na unga wa poda shingoni, tunajua kwamba nyuma ya zile nguo mpya palikuwa na baba aliyekopa dukani na mama aliyekesha juu ya cherehani. Furaha ile ilikuwa ya kweli. Na deni nalo lilikuwa la kweli, na wapo waliolilipa hadi Idd iliyofuata. Mzazi wa leo, anayehisi kwamba mwanawe hawezi kutokea na nguo ya mwaka jana kwa kuwa picha yake itatazamwa na watu mia mbili kwenye simu, ana ndugu wengi katika albamu za zamani. Wale akina mama waliofumua mkunjo wa gauni na kulivalisha mwaka wa tatu hawakumpunguzia mtoto wao chochote.

Amana iliyo mikononi mwetu

Mwaka 1900 kampuni ya Kodak ilitoa kamera ndogo iitwayo Brownie kwa dola moja ya Marekani, na kuanzia hapo kupiga picha hakukuwa tena kazi ya studio peke yake. Leo kila mfuko una kamera. Lakini wingi wa picha haujatuzidishia kumbukumbu. Picha isiyo na jina ni kama kaburi lisilo na alama.

Kwa hiyo tunazishauri familia zifanye mambo machache ambayo hayana gharama kubwa. Kwanza, wazee wangali hai, waketi na wajukuu mchana mmoja na albamu mbele yao. Waulizwe majina, mahali, mwaka, na pia: nguo hii alishona nani, kitambaa kilitoka wapi, kiatu kile kilikuwa cha nani. Mzee aliyesahau tarehe mara nyingi hukumbuka kitambaa, na kitambaa humrudishia tarehe.

Pili, majibu yaandikwe nyuma ya picha kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza. Kalamu ya wino huvuja na kupenya hadi upande wa mbele. Muhuri wa studio nyuma ya kadi usifutwe wala kubandikwa kitu juu yake. Jina la studio na mtaa wake husaidia kujua miaka. Hata umbo la kadi husaidia: kadi za Kizungu za miaka ya 1860 kwa kawaida zina pembe za mraba, na za miaka ya 1870 na kuendelea nyingi zina pembe za mviringo.

Tatu, picha zitolewe ukutani penye jua na kabatini penye unyevunyevu, kwani hewa ya chumvi ya pwani ni adui yao. Zisitiwe plastiki ya moto, wala zisibandikwe katika albamu zenye gundi, kwani siku ya kuzitoa hutoka vipande. Bahasha ya karatasi safi na sanduku kavu vinatosha. Kisha zipigwe nakala za kompyuta na wagawiwe ndugu, ili moto au mafuriko ya nyumba moja yasiufute ukoo mzima.

Nne, aandikwe kila mtu aliyemo: mtoto wa mwenye nyumba, yatima aliyelelewa humo, jirani aliyepita tu, na yule binti aliyembeba mtoto. Wote walivaa vizuri siku ile, na wote walitulia wakimsubiri mpiga picha.

Marehemu hunufaika na dua, na dua hurahisika pale jina linapojulikana. Mchana wa leo, baada ya swala na chakula, nafasi ipo. Albamu itolewe kabatini, ipanguswe vumbi, na apewe bibi aanze yeye kusema.